Majina Kumi na Moja

Jumatatu, 2 Septemba

Muhula umeanza. Orodha ina wanafunzi thelathini na wanne. Waliofika darasani ni kumi na tisa. Nimeita majina mwenyewe, kwa sauti, kama ninavyofanya tangu nilipoanza kufundisha ushonaji katika chuo hiki cha Thika, miaka kumi na saba sasa. Ile karatasi ya kuzungushwa ili kila mtu atie sahihi siitaki. Mmoja husaini ya watano, halafu anakutazama kama malaika.

Saa mbili na robo nilifunga mlango kwa komeo. Wanne wakabisha. Niliendelea kuchora mkono wa blauzi ubaoni.

Jumatano, 4 Septemba

Ishirini. Vumbi la Gatuanyaga, kule kwetu, limenifuata mpaka ndani ya begi la vitabu.

Ijumaa, 6 Septemba

Mkutano wa idara. Mkuu wetu, Githae, si mtu wa maneno mengi, na leo hata hayo machache angeyaacha nyumbani. Kuanzia Januari ushonaji utafundishwa mahali pamoja tu: ama hapa Thika, ama katika tawi letu la Ruiru. Thika, kwa kuwa ndiyo makao makuu, ikifikisha asilimia sabini na tano ya mahudhurio darasa litabaki hapa; ikishindwa litahamia Ruiru, na mwalimu atakayefungiwa darasa atakwenda kuwa msaidizi wa yule mwingine. Orodha za mwisho zifike mezani kwake tarehe 22 Novemba.

Kisha akasoma mahudhurio ya muhula uliopita. Thika, mimi: sitini na mbili. Ruiru, Kyengo: tisini na sita. Walimu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa ncha za vidole.

Kyengo nilimfundisha mimi. Alikuja hapa miaka tisa iliyopita, kijana mrefu wa Matuu asiyejua hata kutia uzi kwenye cherehani. Zipu ya kwanza aliishona ndani nje, na mimi ndiye niliyekaa naye mpaka jioni kuifumua. Leo nikienda kuwa msaidizi wake nitakuwa namshikia futi akipima. Afadhali niuze mandazi stendi.

Baada ya mkutano alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu wangu, habari ya siku nyingi?" Nikasema nzuri. Alikuwa amevaa shati alilojishonea. Niliitafuta kasoro kwenye kola yake mpaka chai yangu ikapoa, na sikuipata.

Jumatatu, 9 Septemba

Ishirini na mmoja. Mbinya, msichana wa Kiandutu mwenye mkono mzuri kuliko wote wa kukata kitambaa, alinisubiri mlangoni. "Madam, naomba Jumatatu na Jumatano niwe naingia saa tatu." Sikumuuliza kwa nini. Nilisimama mbele ya darasa zima nikasema: anayetaka kibarua aende kibarua, anayetaka shule aje shule. Wakainamia vitambaa vyao. Nilidhani wamenielewa.

Jumatatu, 16 Septemba

Kumi na tisa. Macharia, mume wangu, sasa ananiuliza kila jioni, "Leo walirudi wangapi?" Nikamwambia. Akaangalia banda lake la kuku. "Mimi wangu thelathini wote wako ndani, na sijaita hata jina moja." Nikamnunia. Lakini nikiosha vyombo nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe.

Jumatano, 25 Septemba

Jambo la leo limenikaa rohoni.

Walikuwa wakikata kola. Nikapita nyuma ya Mbinya, ambaye leo alikuwa ameamua kuja, nikamwona anatoa mfukoni kipande chembamba cha sabuni ya kufulia na kuchora nacho kwenye kitambaa. Mimi nafundisha chaki. Siku zote chaki, iliyochongwa. Nikatazama meza ya pili: sabuni. Meza ya dirishani: sabuni.

"Nani amewafundisha hii?"

Wakatazamana. Mbinya akasema kwa sauti ya chini, "Ni Mr. Kyengo, Madam. Anasema chaki inaacha alama, sabuni inatoka na maji."

"Mr. Kyengo wa Ruiru amewafundishia wapi?"

Mbinya akakificha kile kipande cha sabuni kiganjani. Sikuhitaji jibu. Kwangu hawaji, nauli ya kwenda Ruiru wanayo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi mshonaji ndiye niliyeishona nguo yenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jioni nilijaribu sabuni kwenye sketi yangu ya kijivu. Inatoka na maji.

Jumatatu, 30 Septemba

Ishirini. Joto. Mawingu yanakusanyika upande wa mlima Ol Donyo Sabuk kisha yanaghairi.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimeota Kyengo anaita majina na wanafunzi wangu wanaitikia. Niliamka nimekasirika, nikamjibu Macharia vibaya kuhusu chumvi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefanya jambo ambalo sitamwambia mtu. Niliaga kwamba naumwa kichwa, nikapanda gari la Ruiru, nikafika kwenye tawi letu saa tisa na nusu. Darasa la Kyengo liko chini, upande wa tangi la maji. Nikazunguka nyuma, nikasimama kando ya dirisha kama mwizi wa nguo.

Lilikuwa limejaa. Waliokosa viti wamekaa juu ya marobota ya vitambaa. Na katikati yao nikawahesabu wangu. Mbinya. Kaloki. Wale mapacha wawili wa darasa. Kumi na mmoja. Asubuhi ya leo hata mmoja wao sikumwona Thika.

Kyengo hakuwa na chochote cha ajabu, hilo ndilo linalonikera. Hachezi, hapigi kelele. Alikuwa akitembea kati ya meza, anainama, anashika kitambaa, anasema neno moja na kuendelea. Kama ninavyofanya mimi. Hata kule kuinama, kidole cha shahada kwenye pindo, ni kwangu alikopata. Mbinya akasema kitu, darasa likacheka, naye akacheka. Kwangu Mbinya hajawahi kucheka. Sikujua ana mwanya.

Nimeona wivu. Nauandika wazi kwa kuwa hiki ni kitabu changu na hakuna wa kunicheka. Sikuwa hivi hata Macharia alipokuwa kijana na wasichana wa kwaya wakimzunguka.

Mvua ya kwanza ikanikuta pale pale dirishani. Nilirudi Thika nimelowa.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepiga hesabu. Katika thelathini na wanne, wanaokuja ni ishirini, ishirini na mmoja: asilimia sitini na kidogo. Lakini kanuni ya chuo inasema aliyekosa zaidi ya nusu ya vipindi kufikia katikati ya muhula, mwalimu anaweza kumfuta. Akifutwa hafanyi mtihani wa Novemba, anarudia mwaka. Wale wa Ruiru, wote kumi na mmoja, wamekosa zaidi ya nusu. Nikiwafuta ninabaki na ishirini na watatu, na kati ya hao kumi na wanane, kumi na tisa huja kila siku. Asilimia themanini. Januari darasa linabaki kwangu.

Nimeirudia hesabu mara tatu. Ni sahihi.

Jumatano, 9 Oktoba

Ishirini na mmoja. Sijafanya kitu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimewafuta. Kalamu nyekundu na rula, mstari mmoja kwa kila jina, safi. Githae alivaa miwani. "Kumi na mmoja, Madam Waithira? Una hakika?"

"Kanuni ni kanuni."

"Umewauliza walikuwa wapi?"

"Najua walikokuwa."

Akatia sahihi.

Jumatano, 16 Oktoba

Mbinya amekuja leo, kabla ya saa mbili, mbio, viatu vimejaa matope ya Kiandutu. Nikaita majina. Jina lake nikaliruka. Akanyoosha mkono, nikafanya kama sioni. Akakaa saa nne nzima. Akakata suruali yake vizuri, akaiweka mezani kwangu, akangoja wenzake watoke.

"Madam, hukuniita."

"Nenda ukaitwe Ruiru."

Hakulia, kama ndicho nilichotaka. Akarudi akachukua mkasi wake, akaufunga kwa kitambaa, akaondoka. Nilikaa pale na ile suruali. Ningempa alama tisa juu ya kumi. Yote kumi simpi mtu.

Jumatano, 23 Oktoba

Kumi na tisa kati ya ishirini na watatu. Githae amenipongeza mbele ya watu. Mvua kila siku, barabara ya kwetu imekuwa uji, bodaboda wanapandisha bei.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kumi na wanane. Nimelala vizuri wiki hii. Naandika ili nikumbuke kwamba nililala vizuri.

Jumatatu, 4 Novemba

Kumi na tisa. Kiongozi wa darasa ni Lynn, kasichana kadogo ka Makongeni, hakajakosa hata siku moja tangu Septemba. Kila mara nawaambia wengine, muigeni Lynn. Leo nilisema hivyo tena, na baada ya kipindi akabaki.

"Madam, naomba usiwe ukisema hivyo."

"Kusema nini?"

"Ati waniige." Alikuwa akizungusha pete ya plastiki kidoleni. "Si ati mimi ni mzuri. Mimi sichaguliwi tu."

Nikamwambia aeleze kwa Kiswahili cha watu. Akaeleza. Kuna kiwanda cha nguo Ruiru kinachochukua vibarua Jumatatu na Jumatano, siku za kupakia. Wanafunzi wanafika getini saa kumi na mbili asubuhi. Msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Aliyechaguliwa anaingia mpaka saa nane mchana, kisha anavuka barabara kwenda kwa Kyengo, ambaye anaanza saa tisa. Asiyechaguliwa anarudi Thika mbio awahi mlango wangu kabla ya komeo.

"Na wale niliowafuta?"

"Hao ndio wenye nguvu, Madam. Wanachaguliwa sana."

Nikamwambia aende. Uongo huo, nimejiambia. Watoto wa siku hizi wanaweza kukutungia hadithi ukalia.

Jumatano, 6 Novemba

Kumi na wanane. Waliingia wakihema. Siku zote huingia wakihema, na mimi siku zote nimedhani ni uvivu wa kuamka.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekwenda kuona kwa macho yangu. Macharia alinipeleka kwa pikipiki mpaka barabara kuu, gizagiza bado, hakuniuliza kitu. Saa kumi na mbili na dakika kumi nilikuwa ng'ambo ya geti la kile kiwanda, nimesimama chini ya kibanda cha mama wa uji, mtandio umefunika nusu ya uso.

Walikuwepo watu mia moja hivi kwenye matope. Na wangu walikuwepo. Niliowafuta, wote. Lakini si hao tu. Wale ninaowasifu kwa Githae, wale themanini kwa mia wangu, niliwahesabu tisa pale getini wamenyoosha shingo. Na mbele kabisa, kwa kuwa ni mfupi na huwahi ili aonekane, Lynn.

Geti likafunguka. Akatoka mtu mwenye koti la mvua la manjano. Alitembea kwenye mstari akinyoosha kidole. Mbinya akachaguliwa, akaingia. Kaloki akachaguliwa. Mapacha, mmoja ndiyo, mmoja hapana. Aliyeachwa akamtupia nduguye mfuko wa chakula. Kisha mwenye koti akafika kwa Lynn, akasimama.

Hapa nitaandika ukweli. Niliomba. Niliomba pale chini ya kibanda, midomo ikitembea: Ngai, Mungu wangu, asimchague. Kwa sababu Lynn akiingia kiwandani ninabaki na kumi na wanane, na tisa wote wakiingia, katika wale ishirini na watatu ninabaki na kumi na nne, na Kyengo ananishinda. Mtoto amenyoosha mkono apate mkate, na mwalimu wake anamwombea akose.

Yule mtu akampita. Lynn akashusha mkono. Na mimi nikafurahi. Furaha ilinipanda kabla sijaweza kuizuia, nikaisikia mpaka masikioni.

Mama wa uji akasema, "Hako kamsichana hukaacha kila siku. Kanakuja tu."

Lynn akageuka kukimbilia gari, akaniona. Hakushtuka. Akasema, "Madam, twende, tutachelewa." Tukapanda gari moja. Nilimlipia nauli, naye akasema asante, na hapo nikatamani ardhi inimeze.

Saa mbili na robo sikufunga mlango. Waliofika ni kumi na tisa. Niliita jina la kwanza tu, kisha nikampa Lynn orodha aendelee.

Jumanne, 12 Novemba

Kwa hiyo orodha yangu nzuri ni orodha ya walioachwa getini. Siku ninayojisifu ndiyo siku yao mbaya. Na Kyengo anawapata waliochaguliwa, wakiwa wameshakula. Hata hapo nimeona wivu, kwamba yeye aliwajua na mimi sikuwajua.

Orodha ya mwisho ni tarehe 22. Nikiwarudisha wale kumi na mmoja bila siku zao za Ruiru, hawafiki robo tatu ya vipindi inayotakiwa kwa kila mwanafunzi, hawafanyi mtihani. Siku hizo zikihesabiwa, ni lazima zihesabiwe kwa jina la aliyewafundisha, na darasa linakwenda. Nimetafuta njia ya tatu tangu asubuhi. Hakuna.

Alhamisi, 14 Novemba

Macharia amesema, "Mimi si mwalimu. Lakini ukipoteza usingizi namna hii kwa sababu ya kitu, hicho kitu umeshakijua." Nikamwambia anyamaze ale.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimekwenda Ruiru, safari hii kwa mlango wa mbele. Kyengo alikuwa peke yake, anatia mafuta cherehani. Akaruka, akanifutia kiti.

"Mwalimu wangu. Ungepiga simu nikuandalie chai."

Nikamwambia sikuja kwa chai. Nataka karatasi za mahudhurio ya wanafunzi wangu waliokuwa wakija kwake. Nilijiandaa kwa kila jibu: akatae, aombe radhi, ajifanye hajui. Angekuwa na hatia hata ndogo ningepumua.

Akafungua kabati, akatoa faili ya kijani. Karibu kila Jumatatu na Jumatano, tangu Septemba, majina kumi na moja, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

"Niliwawekea faili yao," akasema. "Nilijua utazitaka mwisho wa muhula."

"Nani alikuambia nitazitaka?"

Akashangaa. "Wao walisema umewatuma. Walisema, Madam ameona tunahangaika na kibarua, akasema tukitoka tuje kwako." Akatabasamu, kijana wa watu. "Sikushangaa. Nimewaambia walimu wote hapa: huyo ndiye aliyenifundisha. Anatoa wanafunzi wake wampe mtu mwingine sifa, ili wasome tu. Mimi nisingeweza, Madam. Ukweli wa Mungu, ningeona wivu."

Nilikuwa nimeshika ile faili kwa mikono miwili. Wamenidanganyia wema. Waliniogopa hata wakanitungia roho nzuri ili mlango wa mtu mwingine ufunguke.

Ningeweza kunyamaza. Nikaifunga faili. Kisha nikamwambia yote, pamoja na kalamu nyekundu. Akarudi kutia mafuta cherehani ambayo ilikuwa imeshatiwa. Alipoinua uso hakuwa amekasirika, na ningependa sana angekasirika.

"Sasa utafanya nini, mwalimu wangu?"

Nikasema, "Nipe bahasha."

Jumatano, 20 Novemba

Nimempelekea Githae orodha ya thelathini na wanne na faili ya kijani, siku mbili kabla. Akasoma, akavua miwani.

"Unajua hii inamaanisha nini kwa darasa la Thika."

"Najua."

"Na makosa ya Oktoba nitaandika ni ya nani?"

"Ni yangu. Andika jina lote."

Jioni nilitembea hadi Kiandutu nikauliza nyumba kwa nyumba. Mbinya alikuwa akianika nguo ndani kwa sababu ya mvua. Nikamwambia nimekosa, jina lake limerudi, mtihani ni Jumatatu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sawa, Madam," akasema, akaendelea kuanika. Hakunikaribisha kiti. Sikustahili kiti. Ile suruali yake niliiacha juu ya ndoo, imeandikwa tisa, nikaondoka.

Jumatatu, 25 Novemba

Mtihani. Mvua ilikatika alfajiri. Kyengo alikwenda mwenyewe kiwandani wiki iliyopita, akamwomba yule mwenye koti la manjano asichukue hata mwanafunzi mmoja leo. Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Alinitangulia hata hapo.

Thelathini na wanne. Kila mtu kwenye cherehani yake, Mbinya mstari wa mbele, kipande cha sabuni sikioni kama kalamu ya fundi. Msimamizi wa mtihani, mama mmoja mnene kutoka Nairobi, alizunguka meza zote, akapima kola kwa futi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamwendea Githae na fomu.

"Darasa safi. Mwalimu wao nani? Nafasi ni moja tu ya sahihi."

Githae akanitazama. Walimu wakanitazama. Kyengo akatazama sakafu. Angenyamaza mpaka jioni, ninamjua, na kama ningeandika jina langu angenipongeza.

"Ni Kyengo," nikasema.

Hakuwa na kalamu. Nikampa yangu. Akainama kuandika, kidole cha shahada kikishikilia pembe ya karatasi, na wivu ukanipanda vilevile kama siku ile ya dirishani, haukupungua hata chembe. Nilisimama karibu yake nikangoja mpaka akamaliza.